Mtumbwi wa jua: batri hizi ni za nani?



Tangu bei ya esansi ilipopanda na barabara za kando ya ziwa kuwa za mashaka, makanisa kadhaa ya pwani ya Kivu na ya Tanganyika yananiuliza swali moja: je, mtumbwi wa kanisa unaweza kusukumwa kwa nguvu za jua? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ni makala hii, kwa sababu sisi tulijaribu, tukakosea, tukaanza upya. Na kosa letu halikuwa la ufundi peke yake.

Usiku ule

Mtumbwi wetu ni wa mbao, urefu wake metre nane. Marafiki wa kanisa walitupatia moteri ndogo ya umeme, pano tatu za jua na batri nne za risasi, zile zinazofanana na batri za gari. Kila mtu alijua kazi yake: kubeba wagonjwa, na zaidi akina mama wanaokaribia kujifungua, toka kijijini kwetu hadi hospitali iliyo ng'ambo ya ghuba, kilomita 9 hivi. Tulijua, lakini hatukuandika mahali popote.

Jumamosi moja kwaya ilikuwa inajitayarisha kwa sikukuu. Mwenyekiti wake akaniomba umeme wa batri kwa ajili ya vyombo vya muziki. Nikakubali, maana ni kazi ya Mungu pia. Vijana wakaleta na simu zao. Wakaimba masaa manne, na kwa kweli waliimba vizuri.

Saa tano za usiku mama mmoja akashikwa na uchungu. Mkunga akaona mtoto amekaa vibaya, akasema hakuna kungoja asubuhi. Tukaondoka, ziwa likiwa limetulia. Baada ya dakika hamsini hivi moteri ikanyamaza. Tulikuwa tumepita katikati ya ghuba, hatuoni vizuri mbele wala nyuma. Vijana wawili wakashika makasia, wakavuta zaidi ya saa nzima. Mtoto alizaliwa kwa kupasuliwa, akiwa mzima, na mama yake mzima. Tulimshukuru Mungu.

Lakini alfajiri, pale kwenye baraza ya hospitali, nyanya wa mtoto alinifuata. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Pasta, hizi batri ni za nani?" Sikuwa na jibu. Yote ninayoeleza hapa chini niliyajifunza nikitafuta jibu hilo.

Umeme unavyotembea toka juani hadi majini

Mtumbwi wa jua si kitu cha maajabu. Ni mnyororo wa vitu vitano, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni pano. Adhuhuri, mbingu zikiwa safi, jua humwaga nguvu ya wati 1,000 hivi juu ya kila metre moja ya mraba. Pano nzuri hugeuza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu hiyo kuwa umeme, yaani wati 200 kwa metre ya mraba. Ndiyo sababu pano ya wati 400 ina ukubwa wa metre za mraba mbili hivi, na uzito wa kilo 20 na kitu.

Cha pili ni regulatori. Hii ni boksi ndogo kati ya pano na batri. Inapima umeme unaoingia, na batri ikijaa inaufunga. Bila regulatori, pano itachemsha batri hadi iharibike. Kuna regulatori za bei ndogo na kuna zile zenye jina MPPT. Hizi za pili ni ghali zaidi, lakini hutoa umeme mwingi zaidi katika pano zilezile, hasa siku za mawingu.

Cha tatu ni batri, ghala letu. Tutairudia.

Cha nne ni kidhibiti cha moteri, kile kinachopokea mkono wa dereva: polepole, upesi, mbele, nyuma. Ndicho pia kinachokata umeme batri inapofika chini sana, ili isife. Usiku ule ndicho kilichotuzimia moteri. Nilikikasirikia, na kumbe kilikuwa kinafanya kazi yake.

Cha tano ni moteri yenyewe na elisi yake, ile panga inayozunguka majini. Moteri ya umeme haina kabureta, haina bujii, haihitaji kuchanganyiwa mafuta. Vitu vinavyozunguka ndani yake ni vichache, ndiyo maana haina magonjwa mengi. Haipigi kelele: mkunga anaweza kusikia pumzi ya mgonjwa. Wala haimwagi mafuta katika maji tunayoyachota kunywa.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye imempasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Kwetu hapa gharama ya kwanza si dola. Ni wati na masaa.

Wati hueleza nguvu inayotumika sasa hivi. Ukizidisha wati kwa masaa unapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme kilichotumika. Fikiria bidoni ya maji: wati ni namna bomba linavyotiririka, wati-saa ni maji yaliyotoka. Taa ya wati 10 ikiwaka masaa matano inakula wati-saa 50.

Sasa tuchukue safari yetu. Mtumbwi kama wetu, ukiwa na watu watano au sita, unaenda mwendo wa kilomita 6 kwa saa ukitumia wati 1,000 hivi. Kilomita 9 ni saa moja na nusu. Kwa hiyo:

Kwenda peke yake: wati 1,000 mara saa 1.5, ni wati-saa 1,500.

Kwenda na kurudi: wati-saa 3,000.

Upepo ukija mbele, ongeza theluthi moja: wati-saa 4,000.

Batri zetu nne zilikuwa za volti 12 na ampere-saa 100 kila moja. Zidisha 12 kwa 100 kwa 4, unapata wati-saa 4,800. Kwa macho zinatosha. Lakini batri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukitaka idumu, tumia nusu yake tu. Basi ghala letu la kweli lilikuwa wati-saa 2,400.

Jioni ile vyombo vya kwaya vilitumia wati 300 hivi kwa masaa manne: ni wati-saa 1,200. Simu ishirini zilikula kama wati-saa 300. Jumla ni 1,500. Angalia tena hesabu ya juu, ndugu msomaji. Wati-saa 1,500 ndiyo safari nzima ya kumfikisha mama hospitali. Tuliiimba safari hiyo kabla haijaanza. Zikabaki wati-saa 900, ambazo ni dakika hamsini na kitu. Moteri haikutudanganya hata dakika kumi.

Mwendo una bei yake

Wengi huuliza: kwa nini polepole namna hiyo? Moteri ya esansi inakimbia mara mbili zaidi.

Maji humlipisha ghali mwenye haraka. Kwa mtumbwi wa kawaida, ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara nane. Ukitaka kutoka kilomita 6 hadi 9 kwa saa, nguvu inapanda zaidi ya mara tatu: wati 1,000 zinakuwa wati 3,400 hivi. Safari ya kilomita 9 inakuwa ya saa moja badala ya saa moja na nusu, lakini inakula wati-saa 3,400 badala ya 1,500. Umeokoa nusu saa, umemaliza ghala. Na mtumbwi mzito wenye tumbo pana hautafika hata hapo. Unainua pua tu na kupiga mawimbi.

Tulinganishe na moteri ya esansi ya farasi 15 tunayoiona kila mahali. Farasi moja ni kama wati 740, kwa hiyo farasi 15 ni wati 11,000. Ili pano peke yake ziendeshe moteri kama hiyo jua likiwa kali, ungehitaji metre za mraba 55 za pano. Mtumbwi gani utabeba paa la namna hiyo? Hata meli maarufu ya jua iitwayo PlanetSolar, iliyozunguka dunia yote kati ya Septemba 2010 na Mei 2012, ilikuwa na urefu wa metre 31 na pano zenye metre za mraba 537, na bado mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 9 kwa saa.

Basi anayeuza moteri ndogo ya umeme akikuambia itakimbia kama farasi 15, muage kwa heshima. Mtumbwi wa jua unafaa safari fupi zinazojulikana: kuvuka ghuba, kwenda sokoni, kutembelea kanisa la kisiwani na kurudi. Kutoka Bukavu hadi Goma, hapana.

Batri ya namna gani?

Kuna aina mbili zinazopatikana kwetu.

Batri za risasi hununuliwa kwa bei ndogo, na fundi wa mji wowote anazijua. Lakini ni nzito: batri moja ya ampere-saa 100 ina kilo 30 hivi, nne ni kilo 120, sawa na abiria wawili. Unatumia nusu tu ya umeme wake. Ukizimaliza mara kwa mara zinakufa kwa miezi michache. Za kwetu ziliisha kabla ya mwaka.

Batri za litiamu, zile za aina ya chuma na fosfeti zenye alama LiFePO4, ni ghali siku ya kununua. Lakini batri moja ya volti 48 na ampere-saa 100 inashika karibu wati-saa 5,000, inapima kama kilo 45, na unaweza kutumia sehemu nne kwa tano za umeme wake, yaani wati-saa 4,000. Ikitunzwa vizuri inavumilia kujazwa na kutumiwa mara 2,000 au zaidi. Ya risasi hufika mia chache tu. Aina hii pia haishiki moto kwa urahisi kama litiamu za aina nyingine.

Mjue pia maana ya volti. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampere 83. Kwa volti 48 ni ampere 21 tu. Ampere nyingi zinataka waya nene sana. Waya nyembamba huchemka, hupoteza umeme na huweza kuwasha moto. Ndiyo sababu kwa moteri ya wati 1,000 au zaidi ni afadhali volti 48, na waya zisipite urefu unaohitajika.

Tahadhari sokoni: batri nyingi zina maandiko makubwa na matumbo matupu. Iinue mwenyewe. Batri ya risasi iliyoandikwa ampere-saa 100 lakini inainuliwa kwa mkono mmoja kama kikapu cha mihogo, si ya ampere-saa 100.

Pano juu ya mtumbwi, au juu ya paa la kanisa?

Hapa tulibadilisha mawazo yetu kabisa.

Picha tunazoziona ni za mitumbwi yenye paa la pano. Zipo za kweli na nzuri. Kule Ekwado, katika msitu wa Amazon, watu wa kabila la Achuar walianza mwaka 2017 kusafiri kwa mtumbwi mrefu wa jua, katika mradi uitwao Kara Solar. Kwao mito ndiyo barabara, na hawataki barabara za magari zipasue msitu wao. Pano ziko juu ya paa, abiria chini kivulini, na wenyeji wenyewe wamefundishwa ufundi. Kwenye mto mtulivu, safari za siku nzima, paa la pano lina faida: unajaza batri huku unatembea.

Ziwa letu ni jambo lingine. Kivu hulala asubuhi na kuamka mchana na upepo. Paa la metre za mraba sita ni kama tanga ambalo huwezi kulikunja. Upepo ukilipiga ubavuni, mtumbwi mwembamba unalala. Zaidi ya hayo, kilo 60 za pano zikiwa juu ya vichwa vya abiria zinaufanya mtumbwi uyumbe. Na mtumbwi wetu mara nyingi unakaa pwani ukingoja mgonjwa. Kwa nini pano zingoje naye majini, zikipigwa na mawimbi na kuvutia mikono ya wezi?

Katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, kampuni Asobo ilianza kukodisha moteri za umeme kwa wavuvi wa sangara. Mvuvi alikwenda na batri iliyojaa, akarudi nayo ikiwa imetumika. Nasi pwani yetu haituzuii kufanya hivyo. Tukapandisha pano juu ya paa la kanisa. Batri inajazwa ndani, mahali pakavu penye kufuli, na inapelekwa mtumbwini wakati wa safari.

Faida yake ni nyingine pia. Siku ambazo hakuna safari, na batri ya mtumbwi imeshajaa, pano za paa zinaweza kujaza batri nyingine ndogo kwa ajili ya taa za maternite na vyombo vya kwaya. Yaani kwaya haikufukuzwa. Ilipewa batri yake.

Pano ngapi? Safari moja kwenda na kurudi ni wati-saa 3,000. Njiani kati ya pano na elisi umeme hupotea, karibu robo. Basi pano zitoe wati-saa 4,000. Kwetu, karibu na ikweta, hesabu masaa manne ya jua kamili kwa siku, hata kama mchana una masaa kumi na mawili, maana asubuhi na jioni jua ni dhaifu. Gawa 4,000 kwa 4: ni wati 1,000. Pano tatu za wati 400 zinatosha, na zinabakiza kidogo. Majira ya mvua siku nyingine hutoa nusu yake au chini ya hapo, kwa hiyo batri ikitumika Jumatatu usiihesabu kuwa imejaa Jumanne mpaka uipime.

Kwetu jua hupita karibu juu ya kichwa, kwa hiyo pano zilale karibu tambarare, na mwinamo mdogo tu ili mvua izioshe. Msiziweke chini ya mti. Kivuli cha tawi moja juu ya pano moja kinaweza kupunguza umeme wa pano zote zilizofungwa pamoja.

Maji na umeme, na uzito

Hatujasahau Oktoba 3, 2024. Boti Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, ikiwa karibu kabisa kufika. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Mtumbwi wa jua hauondoi hatari hiyo. Ukiujaza kupita kiasi unazama kimya tu badala ya kuzama kwa kelele.

Haya ndiyo tunayoshika kwetu:

Batri ikae chini kabisa katikati ya mtumbwi, ndani ya sanduku lisiloingiza maji, limefungwa kwa kamba lisiteleze. Uzito ukikaa chini unasaidia, ukikaa juu unaua.

Karibu kabisa na batri kuwe na fizibli kubwa inayolingana na moteri, na kisha kizimio cha mkono ambacho dereva anakifikia bila kusimama. Bila fizibli, waya mbili zikigusana majini ni moto.

Batri za risasi hutoa hewa inayowaka zinapojazwa. Chumba chao kiwe na dirisha, na pasiwe na mshumaa wala sigara.

Kila abiria avae jaketi la kuokolea. Si la kukalia, ni la kuvaa. Idadi ya watu imeandikwa kwa rangi ubavuni mwa mtumbwi, na hata mchungaji akiwa wa ziada anabaki pwani.

Makasia mawili yamo daima. Usiku ule makasia ndiyo yaliyomwokoa mama yule, si pano.

Na pale wakuu wanapofunga ziwa usiku kwa sababu ya usalama, tunaomba ruhusa kwanza kwa ajili ya mgonjwa. Mtumbwi usio na kelele, gizani, wakati wa vita, unaweza kudhaniwa kuwa wa adui. Tunaenda na taa inayowaka na bendera nyeupe.

Pesa: bei inajificha wapi?

Kwa esansi bei inaonekana kila juma. Kwa jua inajificha, kisha inatokea siku moja yote pamoja.

Tuchukue mfano. Kama safari moja ya moteri ya esansi inakula lita 6, na mnafanya safari tatu kwa juma, ni lita 18. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 900. Zidisha kwa bei ya lita pale kwenu, kisha ongeza oili na matengenezo. Hiyo ndiyo pesa ambayo jua litawaachia, kama safari zenu ni fupi na moteri ndogo inatosha.

Lakini pesa hiyo si ya kula yote. Batri itakufa siku moja, hata iliyo nzuri. Uliza bei ya batri mpya leo, igawe kwa miezi 96, yaani miaka minane, na kila mwezi uweke kiasi hicho kando. Kwa batri ya risasi gawa kwa miezi 24. Sisi tuna daftari na sanduku lake. Kila anayevuka hutoa kitu kidogo. Mgonjwa asiye na kitu anavuka bure, na sadaka ya Jumapili ya kwanza ya mwezi inamlipia. Nimeona vituo vya jua vingi vilivyofunguliwa kwa ngoma na hotuba, na baada ya miaka mitatu pano zinang'aa juu ya paa na chini hakuna taa. Mara nyingi pano haikuharibika. Batri ilikufa, na hakuna aliyekuwa ameweka hata faranga moja kwa ajili ya ile itakayofuata.

Chagueni pia watu wawili wa kufundishwa, na mmoja wao awe mama. Vijana wetu wanaondoka, wanakwenda mjini au kwenye machimbo, na ufundi wao wanaondoka nao. Akina mama wanabaki. Kwetu, anayeshika ufunguo wa batri na kuandika kipimo chake kila jioni ni mjane mmoja wa miaka hamsini na kitu. Hakuwahi kujifunza umeme. Anajua kusoma namba, na anajua kusema hapana.

Jibu kwa nyanya

Mnakumbuka wanawali kumi wa Matayo 25. Tunahubiri sana juu ya kukesha, lakini wote kumi walisinzia. Tofauti ilikuwa katika akiba. Watano walikuwa na mafuta ya ziada, watano hawakuwa nayo, na kelele ilipopigwa usiku wa manane haikuwezekana tena kugawana. Zamani nilifikiri wale wenye busara walikuwa wachoyo. Tangu usiku ule wa ghuba nimeelewa zaidi. Kuna mafuta ambayo ukiyagawa jioni kwa jambo zuri, usiku mtu atayakosa kwa jambo la uzima. Kumnyima mwimbaji umeme jioni kunaweza kuwa upendo kwa mama ambaye bado hata hajaanza uchungu, ambaye hatumjui jina.

Baada ya kununua batri mpya tuliitisha mkutano wa kanisa kabla ya kuifunga mtumbwini. Kwaya ilikuwepo, wazee wa kanisa walikuwepo, mkunga alikuwepo. Niliungama mbele ya wote kwamba ruhusa ya jioni ile niliitoa mimi, si kwaya. Tukaandika sheria moja: batri ya mtumbwi haichajishi simu, haiendeshi muziki, hata siku ya sikukuu, hata mchungaji akiomba. Na haishuki chini ya kipimo cha safari moja ya kwenda hospitali na upepo mbele, isipokuwa kuna mgonjwa ndani ya mtumbwi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kuanza, kabla ya kutafuta mfadhili au kulipa muuzaji, keteni na kanisa lenu na mjibu maswali matano. Safari yenu ni kilomita ngapi? Watu wangapi, na uzito gani? Umeme huo utajazwa wapi, na nani atashika ufunguo? Batri itakapokufa, ya pili itanunuliwa kwa pesa gani? Na la tano ni lile la nyanya: hizi batri ni za nani?

Mtoto yule sasa anatembea. Jumapili nyanya yake humleta kanisani, naye hukimbilia pwani kugusa mtumbwi. Nilipomsomea nyanya sheria ile iliyoandikwa, aliisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa polepole, akasema: "Sasa iandikeni ukutani, Pasta, mahali ambapo na wewe utaiona."

Iko ukutani, juu ya batri.